Nani Atawauliza Vijana Wetu? Kazi ya Mtafiti wa Saikolojia ya Afya



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa serikali yakitoka, vijana wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare huja kwa wachungaji wao na swali moja: nisome nini? Sisi wazee tunajibu upesi: udaktari, sheria, kilimo, ualimu, teolojia. Lakini kijana akisema anataka kusoma saikolojia, wazazi hutazamana. Mmoja anauliza kama kuna mshahara. Mwingine anasema hiyo ni kazi ya kukaa na wenda wazimu. Wa tatu anasema mtu aliyeokoka hahitaji mambo hayo, maombi yanatosha.

Katika makala hii nataka kueleza sehemu moja ya masomo hayo, ambayo wengi hawaijui: kazi ya mtu anayefundisha chuo kikuu na kufanya utafiti juu ya saikolojia ya afya, hasa afya ya akili ya vijana. Nitaeleza kazi yenyewe ni nini, imeonyesha nini hapa mashariki ya Kongo, kijana anaifikia kwa njia gani, na kwa nini makanisa yetu yanaihitaji.

Soko la Nyangwe

Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone alikuwa hapa Nyangwe. Alikuwa amefika tangu mwezi wa Machi, akitafuta mtumbwi wa kushuka mto Lualaba. Siku hiyo ilikuwa ya soko. Watu wa msafara wa wafanyabiashara walianza kupiga bunduki katikati ya watu, ambao wengi wao walikuwa wanawake. Wengine walikufa kwa risasi, na wengi walizama mtoni wakikimbilia mitumbwi. Hesabu iliyoandikwa wakati ule ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino uliotengenezwa kwa matunda. Maandishi hayo yalififia kwa miaka mingi, na mwaka 2011 wataalamu waliyasoma tena kwa kupiga picha za mwanga wa namna mbalimbali.

Kwa hiyo tunajua mgeni aliona nini. Lakini msichana wa miaka 13 aliyevuka Lualaba siku ile bila mama yake, hatujui habari zake. Hatujui alilalaje usiku, wala kama aliweza tena kwenda sokoni, wala kama watu wa nyumbani walimfariji au walimwambia anyamaze. Hakuna aliyemuuliza.

Tangu siku hiyo nchi yetu imepita katika taabu nyingine. Wasomaji wetu wanakumbuka vita vya 1996 na vile vya 1998 hadi 2003, watu walipolala porini na watoto wao. Na Kabambare wanajua wenyewe yaliyotokea Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, kwa sababu ya makundi yenye silaha. Mtafiti wa afya ya akili ya vijana ni mtu anayefanya kazi ya kuwauliza waliopita katika mambo kama hayo. Anawauliza kwa utaratibu, kwa heshima na kwa lugha yao, kisha anaandika majibu yao ili msaada ufuate ukweli.

Kazi yenyewe ni nini?

Watu huchanganya kazi tatu. Daktari wa magonjwa ya akili amesoma udaktari kwanza, na anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia wa kutibu anakaa na mgonjwa, anasikiliza na kumsaidia kwa mazungumzo yenye mpango. Mtafiti wa saikolojia ya afya anauliza jambo pana zaidi: mawazo, hofu, mazoea, imani na mahusiano ya watu vinagusaje afya yao ya mwili na ya akili? Mara nyingi mtu mmoja hufundisha wanafunzi, huongoza utafiti na kuwasaidia wagonjwa kwa wakati mmoja.

Mfano uko karibu. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, watu 3,470 walihesabiwa kuwa na ugonjwa na 2,287 walikufa. Dawa na chanjo zilikuwapo, lakini watu wengi hawakukubali kuzipokea. Mnamo Septemba 2018 watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja kati ya wanne hivi alisema haamini kwamba Ebola iko kweli. Wale wasioamini viongozi wao ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo. Ugonjwa ulikuwa wa mwili, lakini mlango wa uponyaji ulikuwa umefungwa na kukosa kuaminiana. Hilo ndilo shamba la saikolojia ya afya.

Kwa vijana jambo hili ni zito zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya vijana saba wenye miaka 10 hadi 19, mmoja ana ugonjwa fulani wa akili. Huo ndio umri wa watoto wetu wa shule ya Jumapili ya wakubwa, wa kwaya ya vijana na wa darasa la ubatizo.

Tena utafiti wa afya si jambo geni kwetu. Kuanzia miaka ya 1970 Kasongo ilijulikana duniani kwa ajili ya Mradi wa Kasongo, uliofanywa pamoja na taasisi ya magonjwa ya nchi za joto ya Antwerpen, Ubelgiji. Mwaka 1981 kundi hilo lilichapisha katika gazeti la tiba The Lancet utafiti juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo. Hawakuuliza tu kama chanjo inazuia surua. Waliuliza kama mtoto aliyeokolewa na surua anaendelea kuishi, au anakuja kufa baadaye kwa ugonjwa mwingine. Swali hilo lilileta mabishano marefu kati ya wataalamu. Mradi huo pia ulichangia mafikiri yaliyozaa zoni za afya, ambazo leo tunazitumia bila kufikiri zilitoka wapi. Wazazi wa wengi wetu walihesabiwa katika kazi hiyo. Sasa inafaa wajukuu wao wawe wenye kuuliza maswali.

Kuuliza kwa lugha ya watu

Mtafiti anayefika kwetu na karatasi ya maswali iliyoandikwa Ulaya hupata shida siku ya kwanza. Akiuliza kijana kama ana ugonjwa wa huzuni, kijana atasema hapana. Lakini kijana yuleyule atasema ana mawazo mengi, kichwa kinazunguka, roho inamuuma, usingizi umekimbia. Ni lugha ya maumivu, na asiyeijua atarudi na karatasi iliyojaa uongo usiokusudiwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walikutana na jambo hili huko Bunia. Cindy Mels na wenzake, Ilse Derluyn na Eric Broekaert, walichukua vipimo viwili vilivyojulikana, kimoja cha dalili za kiwewe na kingine cha huzuni na wasiwasi, wakavipitisha mikononi mwa wenyeji, neno kwa neno, katika Kiswahili na Kifaransa cha Kongo. Baada ya hapo ndipo walipouliza. Mwaka 2009 walichapisha matokeo ya vijana 1,046 wa shule za sekondari za Ituri, wenye miaka 13 hadi 21. Kati yao 95 kwa mia walikuwa wamepatwa na angalau tukio moja la kutisha. Zaidi ya nusu walikuwa na dalili za kiwewe kinachoendelea: ndoto mbaya, kushtuka, kukwepa mahali na watu wanaokumbusha yaliyotokea.

Tufikiri juu ya hesabu hiyo. Hao hawakuwa wagonjwa waliolazwa hospitali. Walikuwa wanafunzi waliokaa darasani na madaftari yao. Mwalimu aliona tu mwanafunzi mvivu, na mzazi aliona mtoto mwenye kiburi. Na wakati mwingine, lazima tuseme, kanisa liliona pepo.

Danieli na siku kumi

Wengine watauliza: tukisha kujua kwamba kijana anaumia, tunajuaje msaada upi unasaidia kweli? Hapa utafiti unatumia njia ambayo msomaji wa Biblia ataitambua. Katika Danieli sura ya 1, Danieli na wenzake, nao wakiwa vijana waliohamishwa kwa vita, wanamwomba msimamizi awajaribu kwa siku kumi. Wao watakula mboga na kunywa maji, wengine watakula chakula cha mfalme, kisha msimamizi atazame nyuso za makundi yote mawili. Sura ile inafundisha uaminifu kwa Mungu, lakini inaonyesha pia namna ya haki ya kupima jambo: makundi mawili, muda uliowekwa, na mtu anayelinganisha.

Katika Beni, Paul O'Callaghan wa Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast na wenzake walifanya hivyo na wasichana 52 wenye miaka 12 hadi 17 walioumizwa na vita na kutumiwa vibaya kimwili. Kundi lipi lianze lilichaguliwa kwa bahati, kama vile kupiga kura. Kundi la kwanza lilipata vikao 15 vya mazungumzo na mazoezi: kutuliza mwili, kutambua mawazo yanayoumiza, kusimulia yaliyotokea mahali pa usalama. Kundi la pili lilingojea, likahudumiwa baadaye. John McMullen na wenzake walifanya hivyo pia na wavulana 50 wenye miaka 13 hadi 17, wakiwemo waliokuwa askari watoto. Matokeo yote mawili yalichapishwa mwaka 2013. Katika kila utafiti, dalili za vijana waliohudumiwa zilipungua sana kuliko za wale waliokuwa wanangojea.

Mwaka huohuo Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake wa vijiji vya Kivu waliofanyiwa jeuri ya kimwili. Waliohudumia hawakuwa madaktari. Walikuwa wamama wa hapahapa wenye angalau miaka minne ya shule baada ya shule ya msingi, waliofundishwa na kusimamiwa vizuri. Miezi sita baada ya huduma, waliobaki na dalili nzito za huzuni au wasiwasi walikuwa 9 kwa mia katika kundi lililopata mazungumzo ya pamoja yenye mpango, na 42 kwa mia katika kundi lililopata msaada wa kawaida wa mtu mmojammoja. Kundi la pili nalo lilihudumiwa kwa moyo wa upendo. Tofauti ililetwa na njia iliyojulikana na kufuatwa.

Jambo hili linatugusa sisi watumishi. Tunapenda watu, tunawatembelea, tunawaombea, na hiyo ni kazi takatifu. Lakini upendo unaweza kujifunza njia. Fundi seremala anayempenda mteja wake bado anahitaji kujua kupima ubao.

Jeraha la pili

Utafiti mwingine wa Ghent ulifanywa na An Verelst na wenzake kwa wasichana 1,305 wa shule za sekondari za Ituri, ukachapishwa mwaka 2014. Walitaka kujua kwa nini wasichana waliofanyiwa jeuri wanaumia kuliko wengine. Je, ni tukio lenyewe tu? Jibu lilikuwa hapana. Sehemu ya maumivu ilitoka kwenye mambo ya kila siku, kama kukosa chakula na kukosa mahitaji ya shule. Na sehemu nyingine ilitoka kwenye dharau: kusemwa vibaya, kuchekwa, kutengwa na rafiki na hata na jamaa.

Ndugu zangu, hapo ndipo utafiti unageuka kuwa neno kwa kanisa. Tukio lililopita hatuwezi kulifuta. Lakini dharau ya baadaye iko mikononi mwetu. Iko katika maneno ya wamama wakitoka kwenye ibada, katika uamuzi wa wazee wa kanisa juu ya binti aliyeshika mimba kwa nguvu, katika wimbo wa mafumbo wa kwaya. Kama dharau ni sehemu ya ugonjwa, basi kusanyiko linaloacha dharau limeanza kutibu kabla mtaalamu hajafika.

Hapa pia ni lazima kusema juu ya watoto wanaoitwa wachawi. Mtoto anayepiga kelele usiku, anayekojoa kitandani akiwa na miaka 12, anayekaa kimya siku nzima au anayeanguka kifafa, mara nyingine hupelekwa kwa mtu anayedai kutoa uchawi, anafungwa, ananyimwa chakula. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamlinda mtoto asisingiziwe uchawi, na anayefanya hivyo anaweza kuadhibiwa. Lakini kabla ya sheria ya serikali tunayo mfano wa Mungu mwenyewe. Katika 1 Wafalme 19, Eliya amechoka kabisa na anaomba kufa. Hakemewi. Malaika anamwacha alale, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, anamlisha mara ya pili. Ni baada ya safari ndefu ndipo Mungu anamuuliza anafanya nini pale, na anamwacha aseme yote yaliyo moyoni mwake.

Wenzetu wa Kiswahili

Majina mengi niliyoyataja ni ya wageni. Tunawashukuru, lakini si vizuri iendelee hivyo. Kwa majirani zetu wa Kenya kazi hii tayari inafanywa na wenyeji. Profesa Amina Abubakar ni mwanasaikolojia Mkenya aliyefanya kazi miaka mingi Kilifi, pwani. Alipata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, akarudi. Alishiriki kutengeneza kipimo cha maendeleo ya watoto wadogo kinachoitwa kwa jina la Kilifi, kilichotokana na maisha ya watoto wa huko. Ametafiti pia maisha ya vijana wenye virusi vya UKIMWI, na baadaye akaongoza Taasisi ya Maendeleo ya Binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan.

Kijana mwingine wa Kenya, Tom Osborn, alianzisha Taasisi ya Shamiri. Mwaka 2021 yeye na wenzake, pamoja na Christine Wasanga wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi 413 wa sekondari. Vikao vilikuwa vinne tu: juu ya kuamini kwamba mtu anaweza kukua na kubadilika, juu ya shukrani, na juu ya mambo ambayo mtu anayathamini. Walioongoza vikao walikuwa vijana waliomaliza sekondari hivi karibuni. Dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua kuliko katika kundi lililofundishwa mbinu za kusoma. Kijana mwenye D6 anayekaa nyumbani Kasongo bila kazi asome habari hii mara mbili.

Njia ya masomo

Kijana anayetaka kazi hii apate kwanza diploma ya serikali. Sehemu ya pedagojia husaidia, lakini sehemu nyingine hazizuii. Kisha aende kwenye kitivo cha saikolojia na elimu. Kisangani ina historia ndefu katika masomo hayo, maana mwaka 1971, vyuo vikuu vilipounganishwa kuwa UNAZA, kitivo hicho kiliwekwa huko. Kinshasa nako kiko. Katika mfumo mpya wa LMD, lisansi ni miaka mitatu na masta miaka miwili, kisha udaktari, unaochukua miaka mingine kadhaa.

Ajifunze hesabu za takwimu bila kuziogopa, kwa sababu asiyejua kuhesabu majibu hawezi kuyalinda. Ajifunze Kiingereza, kwa kuwa maandishi mengi ya fani hii yako katika lugha hiyo. Na asidharau Kiswahili na lugha ya kijiji chake, maana hapo ndipo atakapowazidi wageni.

Ajue pia ugumu wake. Njia ni ndefu, na pesa za utafiti mara nyingi hutoka kwa wafadhili wa nje wanaochagua maswali yao. Masikio yatachoka kwa kusikia mateso. Na kuna sheria ambazo hazivunjwi: ruhusa ya kamati ya maadili, ruhusa ya mzazi na ya kijana mwenyewe, siri kutunzwa, na kutomfungua mtu jeraha bila kujua utampeleka wapi apate msaada.

Makanisa yafanye nini?

Kwanza, tusimzuie kijana anayeitwa katika kazi hii. Hospitali ya Panzi ya Bukavu ilianzishwa mwaka 1999 chini ya kanisa la CEPAC, na Daktari Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ni mtoto wa mchungaji. Pale wanasaikolojia hufanya kazi pamoja na wapasuaji. Hakuna aliyesema imani imepungua.

Pili, paroisi zinazosaidia mwanafunzi wa teolojia zifikiri kumsaidia pia mwanafunzi mmoja wa saikolojia, hasa binti, maana mabinti wengi hawatamwambia mwanaume yaliyowapata.

Tatu, mtafiti akifika kijijini na ruhusa zake, tumpokee, tumuulize maswali yetu pia, na tumdai arudi kutuambia alichokipata. Tufanye hivyo pamoja na majirani zetu Waislamu, ambao katika Kasongo ni wengi na watoto wao wamepita katika moto uleule.

Nne, tuanze kuuliza wenyewe. Katika kikao cha vijana cha wiki hii, kabla ya mahubiri, mtu mzima anayeaminika aulize kila mmoja: unalala vizuri? Nani anakusikiliza nyumbani? Kisha anyamaze, angoje jibu. Akisikia kijana anasema anataka kufa, asimwache peke yake siku hiyo, na amfikishe kwenye kituo cha afya pamoja na jamaa yake, huku maombi yakiendelea.

Bwana awape vijana wetu usingizi mzuri, na atupe sisi masikio. Amina.